Jicho la Samaki wa Ostia

Saa mbili na nusu asubuhi, Ornella Tamburrini anaingia kwenye magofu ya Ostia, bandari ya kale ya Roma, na watalii sita nyuma yake. Anatembea upesi juu ya mawe yaliyochimbika kwa magurudumu ya mikokoteni ya bandari. Kwenye duka la kale la samaki anasimama.

Sakafuni kuna samaki aliyepangwa kwa vijiwe vidogo, amefifia kwa vumbi. Mzee mmoja kutoka Torino anamnyooshea Ornella chupa ya maji. Shemeji yake aliwahi kuja hapa, anasema, na hadi leo anasimulia jinsi mama huyu alivyommwagia samaki maji, jicho likawaka jekundu.

Ornella anapokea chupa, anashukuru, anayanywa maji yote.

"Jicho halipo tena, mzee wangu," anamwambia. "Nimeling'oa mimi."

Ornella ana miaka 58, na kwa miaka thelathini na moja amewatembeza wageni hapa. Kumwaga maji alifundishwa na waliomtangulia. Kila mwongoza watalii alifanya hivyo, na walinzi wakajifanya hawaoni. Yeye aliwazidi wote. Watu ishirini kwa siku, kila mmoja yuro kumi na tano, lilikuwa jambo la kawaida.

Machi mwaka huu, fundi wa ukarabati alipiga magoti pale, akagonga sakafu kwa kidole. Ilisikika tupu. Maji yalikuwa yamekula chokaa iliyoshika vijiwe, na kile cha jicho kilikuwa kimeshapotea.

"Heri angenitukana," Ornella anasema. "Alinieleza kwa upole, kama vile na mimi ni mtalii niliyekata tiketi."

Settimio, mlinzi wa zamu, hakosi utani. "Ornella, mrembo wangu, leo unamnywesha nani?" Zamani mama huyu angemrudishia palepale. Siku hizi anapita tu. Mimi ninayeandika haya nimeishi na utani wa watu wa Ostia miaka mingi na ninaupenda, lakini huu unaniudhi. Settimio ndiye aliyekuwa akimjazia chupa bombani.

Oktoba sakafu itafunikwa kwa mchanga kuikinga na baridi, kama kila mwaka, na safari hii huenda isifunuliwe tena. Ornella ameiandikia ofisi ya magofu barua mbili akiomba awe miongoni mwa watakaoumwaga mchanga huo, bila malipo. Hajajibiwa, ila koleo ameshanunua.

"Nimemvua samaki huyu nguo miaka yote hii ili nipigiwe makofi," anasema. "Waniache angalau nimfunike."