Korido ya Kupitisha Kochi

Winfrida, mchora ramani za nyumba pale Mafiga, alikuwa na maswali mengi kuliko hakimu. Ukimwambia unataka vyumba vitatu, hashiki kalamu kwanza. Atakuuliza nani analala wapi, nani huamka usiku, mgeni akija anakaa wapi. Kazi yake, alisema, ni kugeuza shida ya mtu iwe ukuta, mlango na dirisha. Wateja walichoka naye, lakini hawakujuta wakishahamia.

Mzee Yeremia, mstaafu wa kiwanda cha sukari, alimjia kuhusu kiwanja chake cha Bigwa akiwa na binti yake, Prisca, mgonjwa wa moyo aliyekonda hadi gauni likawa kama la kuazima. Prisca alitaka dirisha linalotazama mlima. Baba alitaka kitu kimoja tu: korido pana, iliyonyooka kutoka chumba cha binti hadi mlango wa mbele. Eti kochi lipite.

Winfrida akamweleza kwamba korido hiyo itakula nusu ya sebule, na makochi siku hizi yanafunguliwa. Mzee wa watu, mpole siku zote, akakunja uso na kusema basi atatafuta mchoraji mwingine.

Prisca akamwomba baba yake amnunulie maji dukani. Alipotoka tu, binti akasogeza kiti.

"Dada, mama alipofariki, jeneza lilikwama kwenye kona ya korido yetu. Wakalisimamisha wima ndipo likatoka. Baba alilia vibaya sana. Mchoree anavyotaka. Ila usimwambie kwamba najua."

Winfrida alikuwa ameuliza watu maswali miaka yote hiyo, na hakuna jibu lililowahi kumuumiza namna ile. Mzee aliporudi na maji, Winfrida akamwambia amefikiria upya, kochi litapita.

Walihamia kabla ya masika. Prisca aliutazama mlima wake kwa miezi michache tu. Siku ya mazishi, vijana wa jirani walimbeba moja kwa moja hadi nje, bila kuliinamisha jeneza hata kidogo. Mzee Yeremia alifuata nyuma. Uani akamshika Winfrida mkono.

"Asante, mwanangu. Namshukuru Mungu hakujua ile korido ilikuwa ya nini."

"Hakujua, baba," Winfrida akajibu, na machozi yakamtoka mbele za watu.