Maharagwe ya Mama na Kelele ya Kompyuta

Baba hasikii vizuri. Spika za kompyuta kwake ni upepo tu, lazima avae hedifoni, tena zile kubwa za kufunika sikio lote. Na kila alipozivaa, kompyuta yangu ilimvumia kama nyuki ndani ya debe, akazivua na kunirudishia.

Alichotaka kusikia ni ujumbe wa mwisho wa mama, wa sauti, alionitumia akiwa njiani kwenda hospitali. Simu yangu iliibiwa mjini baadaye, lakini ujumbe ulikuwa umebaki kwenye kompyuta. Nilishamwambia baba ni mambo ya maharagwe tu.

"Hata kama ni maharagwe," alisema. "Nimeanza kusahau sauti yake. Jumamosi tunang'oa msalaba, na mimi sijamsikia."

Mwaka ulikuwa umetimia, msalaba wa mbao unatoka kaburini, jiwe linawekwa. Mimi sikuwa na huzuni wala nini. Tangu mazishi nilikuwa ganzi. Nilipikia wageni chai, nikaosha vikombe, sikulia. Walisema nina moyo mgumu. Waseme.

Nikabeba kompyuta hadi mjini kwa fundi. Akaichomeka kwa waya wake, akavaa hedifoni, akanitazama.

"Madam, hii mashine iko sawa. Haina shida."

Nikazivaa mimi. Kimya kabisa. Jamani! Akanisafishia tundu la hedifoni kwa brashi, nadhani ili nisione nimekuja bure. Nikarudi nyumbani kwa baba, huko Mutuini, nikachomeka chaja yangu, nyuki wale wale.

Hapo nilipandwa na hasira. Nikaikamata kompyuta niifunge, yaishe. Baba, hedifoni zikiwa bado masikioni, akainua kidole.

"Hapo. Imenyamaza."

Nikaiachilia. "Imerudi." Nikagusa chuma kilicho kando ya tundu la hedifoni. "Imenyamaza tena."

Ndipo nikatazama ukutani. Chaja yangu ni ya pini mbili, soketi ni ya matundu matatu. Na kama kila mtu ninayemjua, niliiingiza kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili yale mawili ya chini yafunguke. Mjinga mimi. Tundu hilo ndilo la pini inayopeleka ardhini umeme unaovuja. Bila pini hiyo, umeme ule ulikuwa ukipiga kelele masikioni mwa baba, na nilipogusa chuma ulipitia mwilini mwangu, ukanyamaza. Waya wa fundi ulikuwa wa pini tatu, ni hayo tu. Kuchomoa chaja nisingeweza, betri ilikufa zamani.

"Kesho nitanunua waya mwingine," nikamwambia kwa sauti ya juu.

"Kesho ya nini? Weka mkono hapo."

Nikauweka. Nikabonyeza. Mimi sikusikia kitu, lakini maneno yale nayajua yote: Mwambie mzee maharagwe iko kwa sufuria kubwa, apashe, asikae njaa akiningoja.

Baba alifunga macho. Kisha akajibu, kwa ile sauti ya juu ya mtu asiyejisikia mwenyewe akizungumza.

"Nilikula."

Akaniashiria nirudie. Nikarudia.

"Nilikula, mama. Nikashiba."

Hakula. Jioni ile tuliitwa hospitali sote, na hakuna aliyekumbuka chakula. Kesho yake, kabla waombolezaji hawajafika, ni mimi niliyefunua ile sufuria kubwa nikakuta imejaa na maharagwe yamechacha. Niliyamwaga nyuma ya nyumba, nikaisugua sufuria ili tuwapikie watu. Sikumwambia mtu.

"Rudia," baba akasema.

Mkono mmoja ulikuwa kwenye chuma, mwingine kwenye kitufe. Sikuwa na wa kufutia machozi, nikayaacha yashuke, nikarudia.