Shangazi na Yai Lenye Mwiba

Shangazi yangu, aliyeitwa Mama Mizizi, alikuwa na masharti. Ukimwendea unakojoa damu, mkojo wa asubuhi hakuutaka. Ilikubidi uje jua likiwa utosini, uruke kamba uani mpaka uheme, ndipo ukojoe kwenye chupa nyeupe. Aliinua chupa dirishani, akaguna, akaenda kuchagua magome ya kuchemsha.

Nilimcheka sana. Kisha nikaenda kusomea kazi ya maabara, na siku ya somo la kichocho mwalimu akaandika ubaoni: mkojo uchukuliwe kati ya saa nne na saa nane mchana, mgonjwa akishatembea au kuruka kidogo, maana ndipo mayai ya minyoo yanapotoka kwa wingi. Nilipigwa na butwaa. Mwanamke asiyejua kusoma alikuwa ameyajua hayo kwa kufundishwa na mama mkwe wake!

Lakini elimu hiyohiyo ilinitia mashakani. Baba yangu, mkulima wa mpunga ashindaye majini, alikuwa ametibiwa na huyu dada yake mara tatu. Kila mara damu ilikoma, chupa ikawa safi, akaambiwa amepona. Sasa alikuwa anajikunja kwa maumivu ya kibofu, na vidonge alivyopewa hospitali hataki kuvigusa.

"Mimi nimeshapona," alisema. "Au unataka kumvunjia shangazi yako heshima?"

Kibofu kinaharibika, yeye analinda heshima! Nililia kwa hasira, nikamwendea shangazi mwenyewe.

"Mwanangu, mkojo nimeutazama miaka arobaini," alinijibu.

"Basi njoo kazini kwangu uutazame wa kaka yako."

Alikuja na chupa ya mkojo wa baba. Nikaweka tone kwenye kioo, nikamsogezea kiti mbele ya darubini. Aliziba jicho moja kwa kiganja, akainama kuchungulia. Yai lilikuwa pale na mwiba wake mkiani, na ndani yake kidudu kikitikisika.

"Kinacheza," alinong'ona. "Kiko hai?"

"Kiko hai, shangazi."

"Na mkojo mweupe hivi!"

Nilidhani analia. Kumbe alikuwa anakisemesha. "Lo! Kumbe ndiwe wewe. Miaka yote nakufukuza, sijapata kukuona uso." Mimi huyaona mayai hayo kila siku na sijawahi kuyapa hata salamu.

Alipoinuka alisema, "Dawa yangu inafagia sebule tu. Mwizi amelala chumbani."

Jioni ile alimwekea baba vidonge kiganjani.

"Kaka, meza."

"Si uliniambia—"

"Nilikosea. Meza."

Baba akameza, kwa sababu ni yeye aliyesema.

Mimi nilidhani yameishia hapo. Wapi! Shangazi alikuwa anamkumbuka kila mgonjwa wake wa kichocho. Alizunguka nyumba kwa nyumba wiki mbili, miguu imevimba, akiwaleta hospitali kwa mafungu. Kila mmoja alimwambia maneno yaleyale: "Nilikuambia umepona. Sikujua. Nenda ukapimwe." Wengine walimcheka usoni, naye akawangoja wamalize kucheka.

Wawili walikuwa wameshafariki. Kwa hao alikwenda kwa wajane wao, akayasema vilevile, amesimama mlangoni, kabla hajakubali kukaribishwa kiti.