Waya Juu ya Mnazi wa Watu

Dada yangu ana leseni ya redio. Si ya kutangaza taarabu. Ni ile ya kuongea na watu wenye redio kama yake, popote walipo duniani, kwa kupenda tu. Mchana ni muuguzi. Akitoka zamu anakaa mezani na kidude chake cha kugonga herufi, ti-ti-taa, na mtu wa Japani anamjibu. Mimi leseni sina. Natengeneza simu Kilindoni, hapa Mafia, na umeme niliusoma kwenye vitu vilivyokufa: pasi, redio, mota za friji. Kwenye kituo cha dada, kila kinachopanda juu na kila kinachounguza kidole ni kazi yangu. Kuongea kanikataza. Anasema nikikatwa kauli mara mbili nitamtukana Mjerumani wa watu, na jina litakaloandikwa ni lake. Sibishi, ananijua.

Kila mwaka kuna mashindano ya masafa ya chini, mwisho wa wiki mmoja. Unaita, unajibiwa, mnapeana majina ya vituo na ripoti fupi, kila mmoja anaandika, mnaachana. Ukimpata wa mbali, alama zinapanda. Ila masafa hayo yana kiburi. Jua likiwaka hayafiki popote. Likizama yanaamka, na alfajiri, kabla jua halijakaza, yanaweza kuzunguka dunia.

Mwaka uliopita dada aliwapata Wazungu wa kila namna, akapata na India. Alichokuwa anakitaka ni Marekani ile ya upande wa mwisho kabisa, upande wa machweo. Aliwasikia. Wao hawakumsikia. Aliwaita mpaka jua likachomoza, na jamaa mmoja kwenye kundi letu la wana redio akaandika kwamba kutoka Mafia kwa masafa hayo ni kuchosha betri bure. Dada alicheka. Mimi nilimjibu yule jamaa maneno ambayo dada alinifutisha, lakini jamaa alikuwa ameshayasoma, na nashukuru.

Tatizo lilikuwa waya. Wimbi lenyewe lina urefu wa mita mia na sitini, antena inataka walau robo yake, tena ipande juu kweli. Pale Kilindoni waya wetu ulikuwa unakwaruza bati la jirani. Mwaka huu nikamwambia dada twende Kanga, kaskazini ya kisiwa, kwenye shamba la marehemu babu. Kuna kijumba, na kuna minazi ya zamani, ile ambayo ukiitazama juu kofia inaanguka. Akaomba likizo. Nikaunganisha shaba niliyoifungua kwenye mota zilizoungua, tukaenda.

Ijumaa asubuhi nikamtafuta mkwezi, nikamweleza habari ya Marekani. Akauangalia mnazi, akaniangalia mimi na kapi yangu mkononi.

"Mimi watu huniita nishushe vitu, bwana. Kupandisha sijawahi."

"Basi leo utajifunza."

"Na ukiita Marekani, waambie nani kakufungia."

Akapanda, akafunga kapi kwenye shingo ya mnazi, kamba ya nailoni ikapita humo ili waya uvutwe na kushushwa bila mtu kukwea tena. Chini nikatandaza waya nyingine kila upande kama mizizi. Ulivyosimama, nakwambia, ulipendeza. Nilikuwa bado nausifu aliposimama nyuma yangu mama mmoja wa pale kijijini, yule anayekamua mafuta ya nazi. Tulizoea kumwita bi mkubwa.

"Nani kakwambia upandishe hapa?"

"Shikamoo. Shamba letu hili."

"Marahaba. Shamba sikukuuliza. Nimekuuliza mnazi."

"Kwani mnazi umesimama wapi, baharini?"

Hakupandisha sauti. Akaninyooshea kidole safu nzima. "Kuanzia huu mpaka kisimani kapanda baba yangu. Babu yako alimpa yeye kwa kazi ya kuipanda. Udongo wenu, minazi yangu. Kaulize kwenu."

Hilo kwetu si ajabu. Ardhi inaweza kuwa ya mtu huyu na mti ulio juu yake wa mtu mwingine, na kila mmoja anarithisha chake. Ila mimi tangu nipate akili nazi za safu ile anaziangua ami, mdogo wake baba, na anayeziuza ni ami. Nikamwambia bi mkubwa kwamba kama ni yake, mbona sijamuona hata siku moja anaokota dafu.

"Kwa sababu nikija napigiwa kelele na wenye sauti kama yako. Leo mnaweka waya. Ukikaa mwaka, mtasema mnazi wenu, ushahidi ule kule juu unaning'inia. Shusha."

Nilichojibu nakiacha. Dada alitoka ndani na mikono ya unga, akasimama katikati yetu.

"Shikamoo mama. Huyu mdogo wangu mdomo umemtangulia kuzaliwa. Niambie mimi."

Wakaongea wawili, kwa sauti ya chini. Mimi nikawekwa pembeni. Nilichokisikia ni mwisho wake. Bi mkubwa hakutaka kodi wala zawadi. Alitaka mtu wa nyumba yetu aseme mbele ya watu, barazani, kwamba safu ile ni yake. Mpaka hapo waya uwe chini. Dada akasema sawa, akanigeukia.

"Shusha."

"Mashindano yanaanza usiku wa leo."

"Naijua saa. Shusha, halafu twende kwa ami."

Nyumba ya ami iko kwenye njia, lazima upite mbele yake ukienda barabarani. Tulimkuta anakula. Alitukaribisha, tukala naye, dada akaeleza taratibu. Ami akasukuma sahani.

"Hayo ya marehemu. Waliopatana wote wamekufa."

"Kwa hiyo anasema uongo?" nikauliza.

"Sijasema ni uongo. Nimesema mimi sisemi."

"Ami, kama si uongo ni kweli."

"We mtoto, mimi nimekaa na shamba hili wakati baba yako yuko Dar. Nimelipalilia, nimelizungushia ua. Leo dada yako anataka kucheza ti-ti-ti na Wamarekani, ndiyo mimi nikasimame barazani nitoe minazi?"

Dada akasema, "Basi ami, yaishe," akainuka kunawa. Ningemuona amekasirika ningetulia. Lakini alikuwa ameshakubali, anapanga kichwani tutafute mti gani mwingine, na mwingine wa urefu ule usio kwenye safu haukuwepo. Mtu kaomba likizo, kavumilia mwaka mzima jamaa wa kwenye kundi, halafu ananawa mikono anasema yaishe. Mimi hapo ndipo damu yangu ilipochemka.

Sehemu ya baba kwenye lile shamba ni yetu sasa, mimi na dada. Mtu wa nyumba yetu ni mimi pia.

Baada ya swala ya alasiri wanaume wanakaa barazani, kahawa inapita. Ami alikuwepo. Ng'ambo ya barabara, kwenye genge, bi mkubwa alikuwa anachagua vitunguu, na vitunguu vile alivichagua muda mrefu sana, maana dada alikuwa amesimama naye akimshika maongezi. Sikumwambia dada nafanya nini, ila ananijua. Nikasimama, nikatoa salamu, nikasema kwamba mimi ni mtoto wa marehemu fulani, na minazi ya safu ya kisimani kwenye shamba letu ni ya yule mama pale, aliipanda baba yake kwa kukubaliana na babu, na kwamba hata ami hajasema ni uongo.

Mmoja mwenye kikombe akasema, "Na Marekani wameshaarifiwa?" Wakacheka. Mwingine akasema hilo mbona kila mtu analijua, walikuwa wanangoja wenyewe waseme. Nikamuuliza kama analijua alikuwa anangoja nini. Akanywa kahawa.

Ami akaweka kikombe chake chini. "Umeuza urithi wa baba yako kwa waya."

"Sijauza kitu, ami. Chetu bado kipo pale pale."

Akavaa viatu akaondoka. Hakunitukana, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa matusi.

Bi mkubwa alivuka barabara na vitunguu vyake viwili. "Nimesikia, na wao wamesikia. Pandisheni. Lakini mnazi wangu nitauangua siku ninayotaka mimi, sitaomba ruhusa."

"Hata kesho," nikamwambia. Dada akanifinya, lakini nilikuwa nimeshasema.

Usiku ule wa kwanza ulikuwa mzuri kwa Ulaya. Walikuwa wanajipanga kumjibu mpaka dada akawa anacheka peke yake. Lakini Jumamosi alfajiri kulikuwa na radi upande wa bara, na kwa masafa ya chini radi ya mbali ni kama mtu anakaanga dagaa ndani ya sikio lako. Marekani haikusikika kabisa. Ikabaki alfajiri moja tu, ya Jumapili.

Jumapili tuliswali, dada akavaa hedifoni, akaanza kuita. Mbingu zilikuwa kimya. Mimi nilikaa mlangoni na kipande changu cha hedifoni. Nje pameanza kuwa peupe alipojibiwa, na jina la kituo lilikuwa la kule kule, upande wa mwisho. Ila yule mtu alikuwa amekamata nusu ya jina la kituo cha dada. Nusu haihesabiki. Akauliza tena, dada akarudia. Sauti ikazama, ikaibuka. Akauliza tena.

Hapo nikasikia kikohozi. Bi mkubwa amesimama chini ya mnazi, na mkwezi wangu yule yule, kamba ya miguuni begani.

Nikatoka mbio. "Shikamoo. Leo?"

"Marahaba. Leo. Uliniambia hata kesho, nimekuongezea siku moja."

"Dada yuko na mtu. Mbali. Hajalishika jina lake vizuri."

"Atamtafuta jioni."

"Jioni huyu hapatikani. Jua likipanda kidogo tu amepotea."

"Mkwezi ana minazi ya watu inamngoja. Mnazi wangu au si wangu?"

Mkwezi hawezi kupanda na ule waya hewani. Dada akigonga, ncha yake ya juu inaunguza mkono, na nazi zikianguka zinaukata. Kwa hiyo ni ama huku ama kule. Mdomoni nilikuwa na maneno mengi, na yote yangemfanya awe amesema kweli kuhusu sisi.

"Wako," nikasema. "Nashusha."

Nikaenda kwenye shina ilipofungwa kamba. Fundo nililifunga mwenyewe, la wavuvi, ukivuta mkia linaachia. Asubuhi ile sikuuona mkia. Nikalitazama upande huu. Nikalitazama upande ule. Nikalilegeza kidogo, nikalikaza ili nipate kulilegeza vizuri. Mkwezi akaja kunisaidia, nikamwambia kaa mbali, lina umeme.

Bi mkubwa alikuwa anaiangalia mikono yangu. "Fundo gani hilo, kijana?"

"La nailoni, bi mkubwa. Umande umeliingia."

"Hm." Akatafuta makumbi makavu, akayapanga, akakaa juu yake na kujitanda khanga vizuri. "Likifunguka utanishtua."

Ndani ti-ti-taa iliendelea. Ikanyamaza. Ikaendelea, mara hii fupi. Halafu kimya kirefu, na dada akasimama mlangoni, hedifoni shingoni.

"Kaandika."

"Jina lote?"

"Lote. Kalirudia sawasawa. Zima betri, ushushe, unawaweka watu."

Fundo likaachia kwa kuvutwa mara moja. Bi mkubwa aliliona, akainuka kwenye makumbi yake. Mkwezi akapanda, nazi zikaanza kupiga chini moja moja, na dada akakunja sketi akaingia kuziokota pamoja na bi mkubwa mwenyewe, anamsimulia, na mwenyewe anauliza huyo mtu wa huko ana wake wangapi.

Kundi la wana redio nililiandikia mwenyewe, dada hajaniona. Niliandika kituo, masafa na saa, basi. Yule jamaa akaweka dole gumba.

Nazi zilijaa magunia matatu, na mkokoteni haungeweza kufika shambani. Bi mkubwa akasema atatafuta watu. Nikamwambia hapana. Nikajitwika la kwanza, nikashika njia ya barabarani, ambayo inapita mbele ya nyumba ya ami. Alikuwa kibarazani anapiga mswaki. Akaliona gunia, akaniona mimi, akamuona bi mkubwa nyuma yangu anatembea katikati ya njia.

"Shikamoo ami."

Akatema povu. "Marahaba," akasema, akasogeza baiskeli yake tupite.