Samaki wa Mvua Hawajarudi Kyandoa

Saa moja kasorobo asubuhi, Kivuva Mulei amesimama ndani ya maji ya magoti katika silanga ya Kyandoa, bwawa la udongo lililo mwendo mfupi kutoka soko la Nuu. Mkononi ana upawa mweupe wa enameli. Anauinamisha pole pole, maji yanaingia, anauinua hadi karibu na macho.

Ndani ya upawa mna vitu vyeusi, vyembamba kama nyuzi zilizokatwa, vinavyojinyonganyonga. Ni mabuu ya mbu. Kivuva anayamwaga kwenye mchanga mkavu, anasogea kando na kuchota tena. Ni yale yale.

"Unatafuta nini huko, Kivuva? Pete ya bibi yako imeanguka?"

Anayeuliza ni Kaluki Muthoki, aliyeinama ukingoni akijaza mtungi wake. Ni mwenyekiti wa mwethya ya Kyandoa, kikundi cha majirani, wengi wao wanawake, wanaochimba mabwawa na kulima mitaro kwa zamu bila malipo.

"Natafuta wageni wa mvua, mwaitu," anajibu Kivuva, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Mgeni akishafukuzwa haitwi kwa kijiko."

Wanawake waliokuja na Kaluki wanacheka. Kivuva anatabasamu kidogo, kisha anarudi kuinama.

Ni wiki ya kwanza ya Desemba 1988. Mvua ilianza mwishoni mwa Oktoba na bwawa limejaa hadi kwenye mizizi ya migunga. Zamani, kufikia wakati kama huu, wachunga mbuzi wangekuwa wamekwisha kuwaona samaki wa mvua: viumbe wasiozidi urefu wa kidole, dume akiwa mwekundu kama kaa la moto. Walitokea kila bwawa lilipojaa na kutoweka kila lilipokauka. Waliishi kwa kula wadudu wa majini, mabuu ya mbu yakiwemo.

Hapa Kyandoa hawajaonekana tangu mwaka 1984.

Kivuva ana umri wa miaka hamsini na minne na ni mtumishi wa afya wa cheo cha chini. Kazi yake ni moja: kupunguza mbu. Atastaafu Juni mwakani, na hakuna aliyeteuliwa kushika nafasi yake. Mei iliyopita mkwewe, Nthenya, alilazwa kwa malaria akiwa na mimba ya miezi saba. Alipona. Mtoto hakupona.

"Nikitoka, hakuna mtu atakuja hapa na upawa," anasema. "Ndiyo maana nataka hizo samaki zirudi. Hizo hazingoji mshahara. Hazingoji Kivuva."

Aliajiriwa mwaka 1966, siku ambazo mbu walipigwa vita kwa mafuta machafu. Alibeba bomba mgongoni na kunyunyizia mafuta juu ya madimbwi ili mabuu yakose hewa. Anasema alifukuzwa na mbwa mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka.

"Mtu ameleta ng'ombe kunywa, halafu wewe unamwaga mafuta. Ungekuwa wewe ungeniachia?"

Mwaka 1978 akakabidhiwa silaha nyingine. Lori la maji lilishusha mitungi miwili ya bati ya kubebea maziwa, na ndani yake mkawa na samaki wadogo wa kijivu, asili yao Amerika, wanaoitwa samaki wa mbu. Jike lao hatagi mayai. Huzaa watoto walio hai, tayari kuogelea na kula. Kivuva aliwatia wengine katika tangi la saruji nyuma ya zahanati, na waliobaki akawapeleka Kyandoa kwa baiskeli.

Watu wa eneo hili hawakuwa na mazoea ya kula samaki, na habari hiyo ilizua kicheko sokoni.

"Waliuliza kama ni za kupika. Nikasema hapana, hizi ni za kula mbu. Mzee mmoja akasema, basi afadhali, maana tungegombana nani aonje kwanza."

Wageni hao wa kijivu walifanya kazi yao. Walikula mabuu, na hata samaki wekundu wa hapa hawakuwasaza. Kivuva anakumbuka kumwona dume mwekundu akiogelea upande upande, mkia wake umeliwa nusu. Hata hivyo, kila kiangazi bwawa lilikauka. Wageni walikufa wote, na mvua iliporudi wekundu walitangulia kutokea. Kivuva alichota wageni wengine kutoka tangini na kuwarudisha bwawani. Mambo yakaenda hivyo kwa miaka sita.

Watu wa Kyandoa walikuwa na maelezo yao kuhusu wekundu: huanguka pamoja na mvua. Kwa sababu hiyo ulikuwapo mwiko. Aliyewatoa majini alihesabiwa kuwa anaifukuza mvua, na hata watoto watundu hawakuthubutu. Mwiko huo ulihusu samaki. Haukusema lolote kuhusu tope.

Ikaja njaa ya 1984. Bwawa likawa sakafu ya tope jeusi lililopasuka vipande, na mwethya ikaitwa ilichimbe upya. Kivuva alisimama mbele ya wanawake akawasihi wasikwangue juu juu kama miaka iliyopita, bali wachimbe hadi mwamba, ili maji yadumu mwaka mzima na samaki wake wasife tena.

"Tulimsikiliza," anasema Kaluki. Ameweka mtungi chini na kuukalia. "Hata mimi niliona ni akili. Nani hataki maji ya mwaka mzima? Tulichimba tukiimba, tukiwa na njaa. Karai inatoka mkono huu inaenda mkono ule. Na tope lilikuwa zuri! Hatukulitupa. Tulipeleka shambani."

Mwaka uliofuata mahindi ya Kaluki yalibeba mawili mawili kwa bua. Bwawa lilishika maji kiangazi chote. Wageni wa kijivu wakazaana hadi maji ya ukingoni yakawa yanatetemeka. Wekundu hawakutokea. Watu waliliona hilo, lakini halikumsumbua yeyote, kwa kuwa mbu walikuwa wachache.

Furaha ilidumu hadi mwaka jana. Mvua ya masika ilikuwa haba na kufikia Septemba hata Kyandoa iliyochimbwa hadi mwamba ilikauka. Kivuva alikimbilia tangi la zahanati na kulikuta tupu. Maji yake yalikuwa yametumiwa kuwaosha na kuwanywesha wagonjwa.

"Sikulaumu mtu. Mgonjwa na samaki, nani anywe?"

Aliomba samaki wengine akaambiwa mpango huo umekwisha. Bwawa lilipojaa tena halikuwa na samaki wa aina yoyote, na hivyo ndivyo lilivyokuwa Nthenya alipougua.

Maelezo yalikuja Julai mwaka huu, na aliyeyaleta ni mtafiti wa samaki aliyepitia Nuu akiuliza kuhusu wekundu. Alimweleza Kivuva kwamba hawaanguki na mvua. Kabla bwawa halijakauka, jike hufukia mayai yake katika tope. Wazazi hufa. Mayai hulala humo kiangazi chote na huanguliwa maji yanaporudi.

"Aliniuliza tope la hapa lilienda wapi," anasema Kivuva. "Nikamwonyesha mahindi ya Kaluki."

Kaluki anatazama chini. "Tungejua, tungeacha hata pembe moja," anasema. "Sasa utalilia karai?"

Kivuva hakukaa kulia. Aliulizia kila mpita njia. Mwezi Agosti, Ahmednur Samatar, mfanyabiashara wa mifugo anayeswaga ng'ombe kutoka upande wa Tseikuru hadi minada ya kusini, alimwambia kwamba kwenye njia yake lipo dimbwi ambalo wakati wa mvua huwa na samaki wekundu. Kivuva aliomba ruhusa kazini, akaendesha baiskeli hadi huko, akachimba tope kavu la kujaza gunia na kurudi nalo akilisukuma, maana baiskeli haikuweza kumbeba mtu na gunia. Mshahara wake wa shilingi elfu moja na mia mbili haukutosha kukodi gari. Alilitandaza tope hilo kwenye sakafu ya Kyandoa kabla ya mvua.

Maji ya kwanza ya Oktoba yalishuka kwa nguvu. Huenda yalilikokota tope likatokea mlango wa kumwagia maji ya ziada. Huenda mayai yaliharibika njiani. Kivuva anapoulizwa anatikisa kichwa.

"Sijui. Mtu akikuambia anajua, mwulize alikuwa wapi."

Jambo moja limekwisha kuamuliwa. Jumapili iliyopita, baada ya ibada, mwethya ilikutana na kukubaliana kwamba uchimbaji wa kiangazi kijacho hautagusa pembe ya upande wa mashariki. Kaluki ndiye aliyetoa pendekezo. Mwanamke mmoja aliuliza sababu ya kulinda pembe isiyo na kitu. Kaluki akamjibu kwamba hata kitanda cha mgeni hutandikwa kabla hajafika.

Muda mfupi kabla ya saa tano, kengele za ng'ombe zinasikika nyuma ya migunga. Ni Ahmednur na vijana wake, wakielekea mnadani. Safari hii hachungi kwa fimbo. Amekumbatia mtungi wa mafuta ya kupikia uliokatwa mdomo na kufunikwa kwa kitambaa, na anatembea kama mtu aliyebeba uji wa moto.

"Mzee Kivuva! Leo utanichinjia mbuzi."

Kivuva anatoka majini na kupiga magoti. Kitambaa kinaondolewa. Ndani ya maji machafu kidogo wamo samaki wawili, wekundu, wazima.

Wanawake wanasogea. Mmoja anaanza kigelegele, na Kaluki anamshika mkono anyamaze, kwa sababu amemwona Kivuva usoni.

"Uliwachagua?" anauliza Kivuva.

"Sana! Siku mbili nabadilisha maji. Nilichota wengi, hawa ndio wazuri."

"Na wengine?"

"Wengine walikuwa kijivu tu, kama matope. Hawana sura. Nikarudisha."

Kivuva anafunika mtungi kwa kiganja, jua lisiwachome. "Hawa wote ni madume, Ahmednur. Hao wa kijivu ndio mama zao."

Ahmednur anamtazama, kisha anawatazama samaki.

"Mzee, mimi ni mtu wa ng'ombe," anasema hatimaye. "Ng'ombe jike siwezi kukosea."

"Najua. Hukukosea. Sikukuambia." Kivuva anamshika begani. "Utarudi huko lini?"

"Nikishauza hawa. Kama maji yatakuwepo."

"Basi ukirudi niletee wabaya. Wabaya watupu."

"Nitaleta wabaya mpaka uchoke, mzee."

Ahmednur anawaita vijana wake na ng'ombe wanaanza kunywa upande wa magharibi. Kivuva anaubeba mtungi hadi pembe ya mashariki, anauzamisha na kuulaza pole pole mpaka maji ya ndani na ya nje yanakuwa kitu kimoja. Madume wawili wanatoka, mmoja nyuma ya mwenzake. Kabla hawajapotea katika maji ya rangi ya chai, wameshaanza kupigana.