Mlio wa Kompyuta ya Kaka

Mpaka leo, nikiwasha kompyuta yangu, huwa sipumui. Najua ni upuuzi. Nabonyeza kitufe, feni zinaanza kuzunguka, na katika zile sekunde mbili kabla mashine haijatoa mlio wake mfupi, nakaa nimekaza mabega kama mtu anayesubiri majibu ya vipimo hospitali. Mlio mmoja mfupi maana yake kila kitu kipo mahali pake. Ninaouogopa ni ule mwingine, mrefu, unaojirudia. Niliusikia siku moja tu, sebuleni kwetu Singe, mbele ya ukoo mzima, na aliyeusababisha ni mimi.

Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi Babati na shahada ya usanifu majengo. Mkoa ulikuwa bado mpya. Ofisi zilikuwa zinahamia kwenye nyumba zinazonuka rangi, viwanja vinapimwa Singe na Mutuka, na kila aliyevuna mahindi ya kutosha alikuwa anauliza ramani ya nyumba. Kila mtu aliniambia nimerudi wakati mzuri. Mimi niliona sababu elfu za kushindwa, na nyingi nilizikusanya kwenye jambo moja: kompyuta. Nilitaka mashine yenye nguvu ya kweli, inayoweza kuonyesha nyumba kutoka pande zote, paa na kivuli chake, bila kuganda.

Sehemu nyingine za mashine niliziamua haraka. RAM ndiyo iliyoninyima usingizi. Ni kipande chembamba, urefu wake kama kitana, chenye chipu nyeusi zilizojipanga. Humo ndimo kompyuta inamoshikilia kazi inayoifanya wakati huo. Ukizima, kinasahau yote. Nilijaza kurasa kumi na moja za daftari. Je, nichukue kimoja kikubwa au viwili vidogo? Kasi ipi? Na ikiwa ubao wa mashine hautakikubali? Kaka yangu alilichukua lile daftari siku moja, akalisoma amelala chali kitandani kwake, akasema, "Mdogo wangu, hata posa haiandikiwi hivi."

Kaka alikuwa amenizidi miaka sita. Baba alifariki tukiwa wadogo, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mwanamume wa nyumba. Alipiga kinanda kwaya ya kanisani, na chumbani kwake alikuwa na kompyuta aliyoiunga mwenyewe, ambayo alirekodia mazoezi ya kwaya na nyimbo zake. Nayo ilikuwa inaganda. Basi tukapanda basi pamoja kwenda Arusha, mimi na pesa nilizobana kwenye boom, ile posho ya chuo, la mwaka wa mwisho, yeye na za kwake.

Muuzaji kule alitutolea pakiti moja yenye RAM mbili zinazofanana kila kitu, zilizojaribiwa kiwandani zikiwa pamoja.

"Hizi ni pacha," alisema. "Mkizitenganisha zitafanya kazi, sikatai. Ila nguvu yake ni zikikaa mashine moja."

Nilitaka kila mmoja anunue ya peke yake, isiyo pacha. Kaka akacheka. "Sisi tunakaa nyumba moja, ukuta mmoja. Zimetengana wapi?" Akapasua pakiti palepale kaunta, akanipa moja, nyingine akaitia mfuko wa shati.

Miezi minne baadaye alipata ajali ya pikipiki barabara ya Dareda, siku ya mvua. Sitaandika zaidi ya hapo kuhusu siku ile.

Kwetu, chumba cha marehemu hufungwa. Mpaka wazee wa ukoo wakae, vitu vyote vitolewe nje mbele ya watu na kila kimoja kitajiwe mwenyewe, hakitoki hata kijiko. Mama alilishika jambo hilo kuliko wengine wote. Alitueleza tangu utotoni, kwa Kiswahili chake kizito cha Kigorowa, kwamba ukitoa kitu cha marehemu kabla ya siku hiyo, unamfanya arudi kukitafuta. Alifunga mlango wa kaka kwa mkono wake, ufunguo akauning'iniza kwenye msumari jikoni, mahali ambapo kila mtu anauona. Hakuwa na sababu ya kuuficha.

Katikati ya siku hizo nikapata habari kwamba ofisi moja mpya inatafuta mchoraji. Walitaka mfano wa kazi: nyumba nzima, imechorwa pande zote, imechapishwa. Nilikuwa na wiki moja. Kwa ile RAM moja, mashine yangu ilifika kwenye paa ikasimama. Nilianza upya mara tano. Mara tano ikaganda palepale, kwenye paa, na mimi nikaanza kujiuliza kwa nini iwe paa.

Nikaibeba mashine, nikaenda mtaa wa nyuma ya soko, kwa mzee mmoja Mwislamu aliyeuza redio, betri, na tangu mkoa uanze, vipuri vya kompyuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Poleni na msiba. Kaka yako alinisumbua sana na nyaya zake. Nimebaki na nyaya, msumbufu hayupo."

Akanifunulia kopo la biskuti lililojaa RAM zilizotumika. Ya kwanza haikuingia. Mkato wake ulikuwa umekaa upande mwingine. Ya pili iliingia, nikafurahi kwa dakika kumi, kisha mashine ikajizima na kujiwasha yenyewe. Ya tatu niliiangalia muda mrefu, nikaigeuza, nikauliza ilitoka kwenye mashine ya nani.

"Binti, unachagua RAM kama unachagua mchumba. Si ulisema ulinunua pacha? Ya pili iko wapi?"

"Iko nyumbani," nikasema.

Nikamsikia mtu mwingine akisema hivyo kwa sauti yangu. Njia nzima ya kurudi nilijipangia hoja. Siichukui, naiazima. Ni nusu ya kitu changu. Ndani yake hamna chochote cha kaka, imeshasahau kila kitu tangu ilipozimwa mara ya mwisho. Nyimbo zake ziko kwenye diski, sitaigusa diski. Kikao cha ukoo ni baada ya wiki mbili, na mimi nahitaji siku tatu.

Mama alikuwa shambani, akivuna mbaazi. Nikachukua ufunguo msumarini. Chumba kilinuka sabuni yake. Kitanda kilikuwa na shimo dogo mahali alipozoea kukaa akipiga kinanda, na mimi nilipiga magoti pembeni ili nisikalie pale. Nilifungua ubavu wa mashine, nikatanua klipu mbili, RAM pekee iliyokuwemo ikaruka kidogo yenyewe, kama jino la utoto. Nikalirudisha bati, nikafunga mlango, nikaning'iniza ufunguo. Kisha nikarudi kuuangalia msumari mara tatu kuhakikisha ufunguo umeelekea kule ulikoelekea mwanzo.

Mashine yangu, zile pacha zilipokaa pamoja, ilikwenda kama gari lililotoka matopeni kuingia lami. Paa likakaa. Kivuli kikakaa. Nilimaliza kwa siku mbili, nikapeleka kazi. Siku iliyofuata, asubuhi, kabla sijapata nafasi ya kuirudisha, baba mkubwa akaingia uani na wazee watatu kutoka Dareda.

"Tumewahi," akasema. "Mvua zikiharibu barabara, hatutakutana mwezi huu. Tumalize leo."

Mama akaufungua mlango mwenyewe. Vitu vikatolewa sebuleni kimoja kimoja: koti, viatu, redio, kinanda, kompyuta. Mimi nilitoa chai. Nilimwaga nyingine. Kabla ya kugawa chochote, Mama akasema ana ombi. Anataka mashine iwashwe kwanza. Humo kuna wimbo mmoja ambao katikati yake mwanawe anamgombeza kwa sababu alipita na ndoo wakati anarekodi. Anataka kusikia anavyogombezwa.

"Washa, binti," baba mkubwa akaniambia. "Wewe ndiye msomi."

Ningeweza kusema pale. Nimeifikiria ile dakika moja kwa miaka. Nilichofanya ni kuinama, kuunganisha waya, na kubonyeza kitufe, nikitumaini kwamba umeme utakatika.

Feni zikazunguka. Kioo kikabaki cheusi. Kisha mashine ikatoa mlio mrefu, ikanyamaza, ikatoa tena. Mrefu, kimya, mrefu. Ndivyo mashine ya aina ile inavyosema haioni RAM yoyote, na katika chumba kile ni mimi peke yangu niliyejua. Wengine walisikia kitu kinalia ndani ya sanduku la mtu aliyekufa. Shangazi mmoja akatoka nje. Mzee mmoja akavua kofia.

Mama hakushtuka. Alisogea, akaweka kiganja juu ya bati, akasema nayo kwa Kigorowa, taratibu, kama anavyosema na ndama. Halafu akatugeukia.

"Kuna kitu anakitafuta," akasema.

Nikachomoa waya ukutani. Baba mkubwa akaahirisha kikao. Vitu vyote vikarudishwa chumbani.

Siku tano zilizofuata Mama alitafuta. Alileta kikombe cha kaka kutoka jikoni, akakiweka mlangoni pake. Siku ya pili, mkanda wake uliokuwa umebaki kwenye kamba ya nguo. Akamrudishia tochi, kitabu cha nyimbo, kandambili moja. Kila akileta kitu alisimama, akasikiliza, akaondoka akitikisa kichwa. Mimi niliwaza mipango ya kuirudisha kimyakimya, lakini sasa ufunguo alitembea nao kwenye kanga. Na hata ningeweza, ingekuwaje? Mashine ingenyamaza, naye angeamini amekipata kitu chenyewe, labda kandambili. Nilianza kuona hilo kuwa jambo jema. Nilikuwa hodari wa kuona mema ya namna hiyo.

Siku ya tano nilimwona anavaa viatu vya kutokea.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Sigino. Kwa mama yake yule mwenzake wa kwaya. Labda aliacha kitu kule. Halafu nitapita kwa wote aliowarekodia."

Alikuwa anakwenda kuomba, nyumba kwa nyumba, kitu kilichokuwa mezani kwangu. Nikaingia chumbani, nikafungua mashine yangu, nikarudi na ile RAM kiganjani.

"Ni hiki, Mama. Nilikitoa mimi. Ile siku ya mbaazi."

Akakichukua. Akakigeuza, akakinusa hata.

"Bila hiki ndiyo inalia?"

"Ndiyo. Mashine tu, Mama. Si yeye aliyelia."

Alikaa kwenye kizingiti na viatu vyake vya kutokea. Nilisubiri anipige, nadhani nilitaka. Akasema, "Mimi nilikuwa namjibu."

Akafungua kanga, akanipa ufunguo.

Nilikirudisha mahali pake, naye amesimama nyuma yangu. Mlio mmoja mfupi. Wimbo ukapatikana. Kinanda, kisha mlango unafunguliwa, maji yanacheza ndani ya ndoo, na kaka anasema kwa sauti yake ya kudekezwa, "Mama, jamani, narekodi! Pita kama mwizi." Na Mama, mule ndani, anacheka. Mama wa kwangu, pembeni yangu, hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nizime.

Baba mkubwa alipoitwa tena, ilibidi nisimame mbele ya wazee na kusema nilichofanya. Alikishika kile kipande, akakiinua kwenye mwanga.

"Umesoma miaka yote hiyo kuja kuiba kitana?"

Watu wakacheka, hata shangazi. Wakacheka kwa sababu walikuwa wamepumua. Kisha akauliza kama mashine yangu inakihitaji, nikasema ndiyo, na mzee mmoja akapendekeza kompyuta nzima nipewe mimi, kwani nani mwingine ataitumia. Mama akakataa kabla sijafungua mdomo. Kompyuta itabaki chumbani kwake kaka, na kila kilichomo ndani yake. Mimi nikapewa koti. Sijawahi kulivaa.

Nilirudi kwa mzee wa nyuma ya soko, nikachukua ile RAM ya tatu bila kuuliza ilitoka kwa nani. Inafanya kazi. Ina kasi ndogo, na ile pacha iliyobaki kwangu inalazimika kwenda kwa mwendo wa mwenzake wa mtumba. Kazi ile ofisini sikuipata. Mchoro wa kwanza niliolipwa baadaye, nyumba ya mkulima wa Mutuka, niliufanya na mashine hiyo, nikisubiri paa.

Mama alijifunza kuiwasha kompyuta ya kaka peke yake. Jumapili, akitoka kanisani, huingia mle. Ukuta wetu ni mmoja, nasikia kila kitu. Kwanza anagonga bati kwa kidole, mara mbili, kama mtu anayepiga hodi. Anangoja. Kisha anabonyeza. Na mimi, upande wa pili, naacha nilichoshika, mpaka nisikie ule mlio mmoja mfupi.