Shangazi Akatangulia

Aluel Atem na mimi tumeolewa na ndugu wawili, kwa hiyo msidhani namsifu kwa upendeleo. Tumegombana kuliko tulivyopatana. Ni mbishi, uji wake wa mtama ni mzito wa kukatwa kwa panga, na akiimba mbwa huondoka uani. Lakini kwa lile la msituni nitamsifu mpaka nizikwe.

Mwaka ule vijana wetu na vijana wa ng'ambo ya mto waliibiana ng'ombe, kisha wakauana. Sisi wanawake hatukuiba hata ndama, lakini kipigo kilitushukia sisi. Kokwa za mti wa shea, tunazokamulia mafuta, zilipoanza kuanguka, wenzetu waliovuka mto kwenda kuokota msituni walinyang'anywa makapu na vijana wa kule, na jirani yetu Amer akapigwa risasi ya mguu. Basi hakuna aliyethubutu kwenda tena. Na msitu ule ndio mafuta yetu, ndio chumvi, ndio karo ya watoto. Kokwa zikilala chini mvua ikinyesha, huota, na mwaka mzima umepotea.

Chifu Dut na wazee wake wakaitisha baraza. Rai yao ilikuwa twende tukisindikizwa na vijana wenye bunduki. Aluel akasimama. Kwetu mwanamke husimama barazani akiulizwa jambo, na yeye hakuna aliyemwuliza. Alisema wakitupa hata bunduki moja watakuwa wametupeleka vitani na makapu kichwani. Twende wenyewe, mikono mitupu, na mbele wakae waliozaliwa ng'ambo wakaolewa huku, yeye akiwa wa kwanza. Kila kijana aliyejibanza kichakani amwone shangazi yake kabla hajamwona adui.

Wazee walicheka sana. Mzee Makuac akauliza kama hao mashangazi siku hizi wameota ngozi ya kiboko. Chifu hakucheka.

"Ukiuawa je, mama Maker?" akauliza. "Mwanao atakaa kimya? Tutazika wangapi kwa ajili yako?"

Aluel akamgeukia mwanawe, Maker, aliyekuwa amesimama nyuma na bunduki begani kama wenzake wote wa kambi ya ng'ombe.

"Maker, nikifa kule, asiuawe mtu kwa damu yangu. Niapie hapa, wote wasikie."

Maker akasema hilo hawezi. "Mama, unataka kunifanya mwanamke mbele za watu."

"Mimi ni mwanamke mbele za watu tangu nizaliwe, na sijafa. Apa."

Mkuki ukaletwa. Maker alilamba bapa lake, kiapo ambacho kwetu hakivunjwi, huku machozi yakimtiririka, kijana mrefu vile, akaapa kwamba hatavuka mto kulipiza. Hapo kicheko cha wazee kilikatika. Chifu akasema basi watalifikiria, watatuita. Sasa wazee wetu wakianza kufikiria jambo, msimu hukatika.

Aluel hakungoja kuitwa. Kulipopambazuka alipita nyumba hadi nyumba akigonga kapu lake, nasi tukamfuata, kila mmoja akijikaza asionekane mwoga kuliko mwenzake.

Tulipofika kivukoni vijana wakatoka kwenye matete, bunduki mkononi. Aliyewaongoza ni Majak, mtoto wa kaka yake Aluel, tumbo moja. Aluel hakupunguza hata mwendo. Akaanza kuimba wimbo wa Mangar, maksai wa Majak, ambao Majak mwenyewe aliutunga siku baba yake alipomkabidhi yule maksai. Kijana akiimbiwa maksai wake ameheshimiwa kuliko kupewa jina la baba yake, na hawezi kumwinulia silaha anayemwimbia. Ila kwa sauti ile! Tena alikosea maneno, akampa Mangar pembe za kuinamia chini. Vijana wenzake Majak wakaanza kuziba midomo wasicheke.

"Shangazi, basi," Majak akasema kwa uchungu. "Pembe zake zinatazama juu."

"Basi imba wewe, nijifunze."

Hakuimba. Alikaza uso, akauliza Maker amejificha wapi na bunduki yake.

"Yuko nyumbani. Amelamba mkuki kwamba mkituua hatavuka mto. Hamtapata wa kupigana naye. Mtakuwa mmeua wanawake wenye makapu, basi. Mkalitungie wimbo."

Majak alishusha bunduki yake. Kisha akaondoka njiani, na wenzake wakamfuata.

"Kesho mpite mapema, shangazi," akasema bila kumtazama. "Jua huwa kali."

Tuliokota mpaka migongo ikalia. Jioni tuliingia kijijini kwa mstari, makapu yamejaa, na Amer akiwa mlangoni na gongo lake akitupigia vigelegele. Nimeolewa kwa ng'ombe wengi, nimezaa wana, lakini sijawahi kutembea nikijiona mtu kama jioni ile.

Baraza lilikuwa limekaa. Chifu Dut akasimama, akakohoa, akatangaza kwamba baada ya kushauriana kwa kina, wazee wamekubali wanawake wajaribu kwenda msituni, siku moja tu, wiki ijayo, chini ya uangalizi.

Aluel akatua kapu lake miguuni pake.

"Asante, Chifu," akasema. "Tumesharudi."

Tangu siku hiyo hakuna mwanamke wa kijiji chetu aliyeomba ruhusa ya kwenda msituni.